Mafuta Katika Chakula cha Perege: Somo Kutoka Mabwawa ya Uluguru

Mtu apandaye kutoka Morogoro mjini kwenda Mgeta, kwa njia ya Mzumbe na Mlali, huona mambo mawili yakikaa pamoja katika mabonde ya Uluguru. La kwanza ni bustani za mboga zilizokatwa kwa ngazi juu ya miteremko. La pili, penye chemchemi au kijito, ni bwawa dogo la samaki lililochimbwa kwa jembe na koleo. Samaki wake ni perege. Mwenye bwawa huwalisha kwa vitu vilivyo karibu naye: pumba za mahindi, pumba za mpunga zilizoletwa kutoka tambarare, mashudu ya alizeti, mabaki ya jikoni na majani ya bustanini.

Faida ya bwawa kama hilo ni dhahiri. Ziwa Viktoria liko mbali sana, na Bahari ya Hindi iko mwendo wa kilometa zipatazo 190 kutoka Morogoro mjini, bila kuhesabu safari ya kupanda mlima. Samaki wafikao katika masoko ya milimani aghalabu ni waliokaushwa, nao si kitoweo cha kila siku. Kwa hiyo bwawa ndilo ziwa la watu wa mlimani, na mama mjamzito au mtoto aliyeachishwa kunyonya hupata humo chakula ambacho wazee wake hawakukipata kwa urahisi.

Hata hivyo liko swali moja lipasalo kuulizwa. Je, perege aliyekuzwa kwa pumba na mashudu ana lishe sawa na samaki wa ziwani? Kwa upande wa protini jibu ni ndiyo: gramu 100 za mnofu wake hutoa karibu gramu 20 za protini bora. Kwa upande wa mafuta si lazima awe sawa, kwa maana mafuta ya samaki hufuata kwa kiasi kikubwa mafuta ya chakula alichokula. Somo hili laeleza sababu za jambo hilo, na namna mfugaji mdogo awezavyo kurekebisha hali bila gharama kubwa.

MAFUTA NI NINI

Mafuta yote ya chakula, yawe ya nazi, ya alizeti au ya samaki, yamejengwa hasa kwa asidi za mafuta. Kila asidi ya mafuta ni mnyororo wa atomi za kaboni zilizoshikana, na kaboni hizo hubeba atomi za haidrojeni. Mnyororo uliobeba haidrojeni zote uwezazo kubeba huitwa mnyororo ulioshiba. Mafuta yenye minyororo mingi ya namna hiyo huganda upesi, kama mafuta ya nazi yagandavyo asubuhi ya baridi. Mnyororo wenye mapengo ya haidrojeni huitwa usioshiba. Penye pengo, kaboni mbili hushikana kwa kifungo maradufu, na mnyororo hujikunja mahali hapo. Minyororo iliyojikunja haipangiki karibu karibu, na kwa sababu hiyo mafuta yake hubaki maji maji hata penye baridi.

Mahali lilipo pengo la kwanza, likihesabiwa kutoka ncha ya mwisho ya mnyororo, ndipo panapotofautisha koo mbili muhimu. Pengo hilo likianzia kwenye kaboni ya 3, asidi hiyo ni ya ukoo wa omega-3. Likianzia kwenye kaboni ya 6, ni ya ukoo wa omega-6. Mwili wa binadamu hauwezi kuziunda koo hizi tangu mwanzo, wala hauwezi kuugeuza ukoo mmoja kuwa mwingine. Ni lazima zote mbili ziingie kwa njia ya chakula. Samaki naye ni hivyo hivyo. Jambo hili lilianza kufahamika mwaka 1929, wakati George na Mildred Burr wa Marekani walipoonyesha kwamba panya walionyimwa mafuta kabisa waliugua ngozi na kuacha kukua, ijapokuwa walipewa vyakula vingine vya kutosha.

Katika kila ukoo mna minyororo mifupi na mirefu. Ile mifupi, yenye kaboni 18, hutoka katika mimea. Ile mirefu ya omega-3, yenye kaboni 20 au 22, hupatikana hasa kwa viumbe vya majini. Miwili ndiyo itajwayo sana, nayo hujulikana kwa vifupisho vyake: EPA, yenye kaboni 20 na mapengo 5, na DHA, yenye kaboni 22 na mapengo 6.

KWA NINI BINADAMU HUIHITAJI DHA

Ubongo ni kiungo chenye mafuta mengi, na DHA ni mojawapo ya asidi zinazojenga kuta za seli zake. Sehemu ya nyuma ya jicho ipokeayo mwanga nayo ina DHA kwa wingi. Mtoto huihitaji zaidi katika miezi ya mwisho ya kukaa tumboni na katika miaka miwili ya kwanza ya maisha yake, wakati ubongo unapokua kwa kasi. Kwanza huipata katika damu ya mama, kisha katika maziwa yake. Mwili wa binadamu unaweza kuitengeneza DHA kutokana na omega-3 fupi ya mimea, lakini kwa kiasi kidogo tu. Mama alaye mboga za majani kila siku hapati kwa njia hiyo DHA iwezayo kulingana na ya mama alaye samaki.

Ushahidi wa jambo hili umepatikana pia humu nchini. Watafiti wa Uholanzi waliochapisha matokeo yao baada ya mwaka 2010 walipima maziwa na damu za akina mama wa Tanzania waliotofautiana katika ulaji wa samaki: Wamasai, ambao hula samaki kwa nadra, Wapare, ambao hula kwa wastani, na akina mama wa Sengerema, kando ya Ziwa Viktoria, ambao hula samaki kwa wingi. Kadiri samaki alivyozidi katika chakula, ndivyo DHA ilivyozidi katika maziwa ya mama. Ikumbukwe kwamba samaki wa Sengerema ni wa maji yasiyo na chumvi. Si samaki wa bahari peke yao wenye mafuta haya.

Uchunguzi mwingine, uliochapishwa mwaka 1996 katika jarida la kitabibu la Lancet, ulilinganisha wanavijiji wa Lugalawa, katika vilima vya Ludewa, ambao chakula chao karibu chote kilikuwa cha mimea, na wanavijiji wa kando ya Ziwa Nyasa, ambao walikula gramu 300 hadi 600 za samaki kwa siku. Wale wa ziwani walikuwa na omega-3 nyingi zaidi katika damu, na shinikizo lao la damu pamoja na kolesteroli yao vilikuwa chini kuliko vya wale wa vilimani. Mfano wa Lugalawa wawagusa watu wa Uluguru, kwa kuwa nao huishi milimani mbali na ziwa, na chakula chao kwa sehemu kubwa hutoka shambani.

SAMAKI HUYATOA WAPI MAFUTA HAYA

Watu wengi hudhani kwamba samaki huyatengeneza mafuta yake mwenyewe kama ng'ombe atengenezavyo maziwa. Ukweli ni kwamba chanzo cha omega-3 za majini ni mimea midogo mno, isiyoonekana kwa macho mmoja mmoja, ielayo katika maji na kuyatia rangi ya kijani. Mimea hiyo ni jamii ya mwani. Hutumia mwanga wa jua kutengeneza omega-3, huliwa na vijidudu vya majini, navyo huliwa na dagaa, na dagaa huliwa na samaki wakubwa. Kila mlaji huirithi sehemu ya mafuta ya aliyeliwa. Sangara wa Ziwa Viktoria amejaliwa omega-3 kwa sababu mwanzoni mwa mlolongo wa chakula chake ulikuwako mwani.

Samaki alaye chakula chenye mafuta huyatumia kwa njia tatu. Sehemu huichoma ili apate nguvu. Sehemu huiweka akiba, hasa tumboni kuzunguka utumbo na katika ini, na kiasi kidogo katika mnofu. Sehemu nyingine huijenga katika kuta za seli. Mafuta ya akiba hufanana mno na mafuta ya chakula: samaki akila mafuta ya alizeti, akiba yake hufanana na alizeti. Mafuta ya kuta za seli hubadilika kwa shida zaidi, kwa kuwa samaki hujitahidi kuihifadhi DHA aliyo nayo, lakini nayo hupungua ikiwa chakula hakiileti.

Hapa perege ana sifa yake ya pekee. Samaki wengi wa baharini hawawezi kurefusha omega-3 fupi ya mimea kuwa DHA kwa kiasi cha maana. Perege, kama samaki wengine wengi wa maji yasiyo na chumvi, ana vimeng'enya vya kuirefusha minyororo na kuiongezea mapengo. Akipewa omega-3 fupi ataigeuza sehemu yake kuwa EPA na DHA. Lakini vimeng'enya hivyo ndivyo hivyo hivyo vinavyorefusha omega-6. Koo mbili hushindania mafundi walewale, na ukoo ulio mwingi zaidi ndio unaopata huduma. Chakula kikijaa omega-6, perege hata akiwa na omega-3 fupi kidogo hashindwi tu kuipata DHA ya kutosha, bali pia hujaza mnofu wake minyororo mirefu ya omega-6.

PUMBA NA MASHUDU YANA NINI

Ufugaji wa perege katika mabwawa ya nchi hii ulianza kujaribiwa mwaka 1949 huko Korogwe na Malya. Aina ifugwayo zaidi siku hizi ni Oreochromis niloticus, ambaye Kanda ya Ziwa huitwa sato. Mito ya Wami na Ruvu ina ndugu yake wa asili, Oreochromis urolepis. Katika mkoa wa Morogoro, kituo cha serikali cha Kingolwira huzalisha vifaranga, na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo hufundisha na kufanya utafiti wa ufugaji wa samaki. Lakini chakula cha perege wa mfugaji mdogo hutengenezwa nyumbani, nacho yafaa kichunguzwe kwa macho ya elimu ya mafuta.

Mafuta ya alizeti ya kawaida yana omega-6 fupi kwa kadiri ya nusu hadi theluthi mbili, ilhali omega-3 haifiki hata sehemu 1 katika 100. Mashudu yakamuliwayo kwa mashine ndogo za vijijini hubaki na mafuta mengi kuliko mashudu ya kiwanda kikubwa, kwa hiyo huleta omega-6 nyingi zaidi bwawani. Mafuta ya pumba za mahindi ni karibu nusu omega-6, na yale ya pumba za mpunga ni karibu theluthi. Omega-3 katika yote mawili ni kidogo mno. Mashudu ya pamba nayo huelekea upande huo huo wa omega-6. Mashudu ya nazi hayana hili wala lile, kwa kuwa sehemu kubwa ya mafuta yake imeshiba.

Perege mwenyewe haoni taabu kwa chakula hicho. Mahitaji yake ya omega-6 ni madogo, yapata sehemu 0.5 hadi 1 katika kila sehemu 100 za chakula, na pumba na mashudu huyatosheleza. Atakua, atanenepa na atazaa. Kwa mfugaji atazamaye mizani peke yake, hakuna kasoro iwezayo kuonekana. Kasoro hujificha katika mnofu, nayo humfikia mlaji.

Jambo hili halikuwapata wafugaji wadogo peke yao. Nchini Norway, ambako samaki aina ya salmoni hufugwa kwa wingi, karibu sehemu 90 katika 100 za chakula chake mwaka 1990 zilitoka baharini. Samaki wa kusaga na mafuta yao vilipopanda bei, viwanda viligeukia soya na mafuta ya mimea, na kufikia mwaka 2013 sehemu ya bahari ilikuwa imeshuka hadi 30 hivi. Huko Scotland watafiti wa Chuo Kikuu cha Stirling walipima salmoni wa kufugwa, wakakuta kwamba kati ya mwaka 2006 na 2015 kiasi cha EPA na DHA katika mnofu kilikuwa kimepungua kwa nusu. Samaki alikuwa wa jina lile lile na umbo lile lile. Kilichobadilika ni chakula chake.

Perege naye aliingia katika mjadala. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Wake Forest, Marekani, walieleza kwamba tilapia wa kufugwa auzwaye huko alikuwa na omega-3 chache na omega-6 ndefu kwa wingi, na magazeti yakavumisha kwamba samaki huyo ana madhara. Wataalamu wengine wa lishe walijibu mwaka huo huo kwamba uvumi umezidi kiasi: tilapia ana mafuta machache, protini nyingi, na omega-3 zake, ijapokuwa si nyingi, hazipatikani katika nyama nyingi za nchi kavu. Majibu hayo ni ya haki. Perege wa pumba si sumu. Kosa ni kumhesabu kama samaki wa ziwani, na kudhani kwamba haja ya DHA imekwisha kutimizwa.

HESABU YA SAHANI MOJA

Hesabu ndogo itaonyesha ukubwa wa jambo lenyewe. Mnofu mbichi wa tilapia, kwa wastani wa vipimo vya Marekani, una mafuta yapatayo gramu 1.7 katika kila gramu 100, na ndani yake EPA na DHA kwa pamoja ni karibu miligramu 90. Baraza la wataalamu wa mashirika ya FAO na WHO lilipendekeza katika taarifa yake ya mwaka 2010 kwamba mama mjamzito au anyonyeshaye apate walau miligramu 300 za EPA na DHA kwa siku, na kati ya hizo DHA isipungue 200.

Mama alaye gramu 150 za mnofu wa namna hiyo hupata miligramu 135, yaani chini ya nusu ya haja ya siku moja. Akila mara mbili kwa juma, hupata miligramu 270, ilhali haja yake ya juma zima ni 2,100. Amepata kama sehemu moja katika nane. Perege wa bwawani akiongezewa DHA mara mbili, mama huyo atapata robo kwa sahani zile zile, bila kununua samaki zaidi. Basi chakula cha samaki ni sehemu ya chakula cha mama.

NJIA ZA KUREKEBISHA

Njia ya kwanza, na iliyo bora kwa mfugaji mdogo, ni kuyafanya maji yawe ya kijani. Perege ni mlaji wa mwani kwa asili yake. Bwawa likitiwa samadi ya mbuzi, ng'ombe au kuku kwa kipimo, mwani huota, na perege huchuja omega-3 fupi siku nzima pamoja na vijidudu viulao mwani huo. Mgeta, ambako mbuzi wa maziwa hufugwa bandani, samadi haiko mbali. Samadi hutiwa katika kizimba cha miti kwenye pembe ya bwawa ili irutubishe maji polepole. Kipimo cha rangi ni mkono wa mfugaji: auzamishe mpaka kwenye kiwiko. Kiganja kikionekana vizuri, maji ni maskini na samadi iongezwe. Kiganja kikipotea karibu na kina hicho, maji yamefaa. Kikipotea mara tu kifundo cha mkono kinapozama, samadi isimamishwe. Mwani ukizidi huimaliza oksijeni usiku, na samaki huonekana alfajiri wakihema juu ya maji.

Njia ya pili ni majani. Katika jani bichi, sehemu zinazopokea mwanga wa jua zimejengwa kwa omega-3 fupi, ambayo mara nyingi ni nusu ya mafuta yote ya jani au zaidi. Mafuta ya jani ni machache, lakini hupunguza uzito wa omega-6 ya mashudu. Mabaki ya kabichi na majani ya viazi vitamu hufaa. Majani ya mlonge yaliyokaushwa kivulini na kusagwa yanaweza kuchanganywa na pumba kwa kiasi kidogo. Yasitiwe majani yaliyotoka kupigwa dawa ya wadudu, hatari ambayo ni kubwa katika eneo la bustani kama Mgeta.

Njia ya tatu ni dagaa. Dagaa wa Ziwa Viktoria wana EPA na DHA zilizokwisha kurefushwa, nazo huingia katika mnofu wa perege moja kwa moja. Lakini hapa busara yahitajika. Sehemu ya mafuta alayo samaki huchomwa na kupotea, kwa hiyo dagaa wafaao kuliwa na watu humfaidi mtoto zaidi wakiwekwa katika uji au mchuzi wake kuliko wakipitia tumboni mwa perege. Dagaa wa kulishia samaki wawe vumbi na vipande vibakivyo magunia yanapotikiswa. Matumbo na vichwa vya samaki kutoka sokoni hutumika pia, vikiwa vimechemshwa kwanza.

Wakati wa kutoa chakula hicho nao una maana. Tuseme perege wa gramu 50 ana gramu 1 ya mafuta, yote ya namna ya alizeti. Akilishwa chakula bora mpaka afike gramu 200 na kuwa na gramu 4 za mafuta, yale ya zamani hayawezi kuzidi robo ya mafuta yote, hata kama hakupoteza chochote. Kwa hiyo si lazima kutoa dagaa tangu vifaranga. Mfugaji mwenye dagaa wachache awaweke kwa ajili ya miezi miwili au mitatu ya mwisho kabla ya kuvua.

Yako na mambo mawili ya kuepuka. La kwanza ni kuzidisha mafuta. Chakula cha perege hutosheka na mafuta yapatayo sehemu 5 hadi 10 katika 100. Yakizidi sana, samaki huyarundika tumboni, na mfugaji huuza uzito utakaotupwa pamoja na matumbo. Kadhalika, katika mabwawa ya juu, ambako maji hushuka chini ya nyuzi 20 za sentigredi, perege hula kidogo na hukua polepole. Mafuta zaidi hayawezi kuwa badala ya joto.

La pili ni mafuta yaliyochacha. Mapengo yale yale yanayoipa DHA thamani yake ndiyo mlango wa oksijeni ya hewani. Hewa, joto na mwanga huyavunja mafuta yasiyoshiba, yakatoa harufu kali na kuharibu vitamini E. Pumba za mpunga huchacha upesi zaidi, kwa kuwa kukoboa hufungua kimeng'enya kinachoanza kuyavunja mafuta mara moja. Zinunuliwe kidogo kidogo na kutumiwa zingali mpya. Dagaa na mashudu vihifadhiwe pakavu, penye giza, katika chombo kilichofungwa. Chakula chenye ukungu kitupwe kabisa.

KUTOKA BWAWANI MPAKA JIKONI

Kazi yote ya bwawani yaweza kupotea jikoni. Mnofu wa perege una mafuta machache, na akitumbukizwa katika mafuta mengi ya kukaangia hunywa mafuta hayo kuliko aliyokuwa nayo mwenyewe. Yakiwa ya alizeti, omega-6 imerudi kwa mlango wa nyuma. Mchuzi na samaki wa kuchemsha huhifadhi zaidi, maana mafuta yanayotoka hubaki katika supu na kunywewa. Kichwa kina mafuta kuliko mnofu wa mgongo, pamoja na ubongo na macho yenye DHA nyingi. Desturi ya kumpa baba kichwa yastahili kufikiriwa upya nyumbani mwenye mama mjamzito.

Maji yashukayo kutoka Uluguru hunywesha Morogoro, na kwa njia ya mto Ruvu hunywesha pia Dar es Salaam. Maji hayo hayo, yakizuiwa kwa miezi michache katika bwawa lenye rangi ya kijani, yanaweza kumpa mtoto wa mlimani sehemu ya kile ambacho mtoto wa Sengerema hukipata ziwani. Pumba na mashudu humpa perege uzito, na kazi hiyo yafaa iendelee. Lakini DHA yake huanzia kwenye mwani uotao kwa jua na samadi, navyo havina bei kubwa huko Mgeta.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Eleza kwa nini perege alishwaye mashudu ya alizeti peke yake anaweza kunenepa vizuri na bado awe na DHA chache.

2. Mfugaji ana debe moja la vumbi la dagaa na samaki wa gramu 60. Je, alitumie sasa au angoje? Toa sababu.

3. Zamisha mkono katika bwawa la kikundi mpaka kwenye kiwiko, asubuhi na alasiri, kwa siku saba. Andika kila mara kama kiganja kimeonekana, kisha amueni kama samadi iongezwe au isimamishwe.

4. Weka pumba mpya za mpunga katika vikombe viwili. Kimoja kifunge na kukiweka pakavu penye giza. Kingine kiache wazi karibu na joto la jiko. Nusa vyote viwili baada ya majuma mawili, na ueleze tofauti kwa kutumia habari ya mapengo ya haidrojeni.